Punguza chenga, mwache ndege na manyoya yake

Ukipiga picha za ndege ndani ya msitu wa Ngezi, kisiwani Pemba, chenga, yaani vijidoa vinavyoichafua picha, utazipata tu. Mivule imefunga juu, saa tatu asubuhi bado kiza chini, ndege mwenyewe hatulii, na lenzi ndefu ambazo wengi wetu tunazimudu hazifunguki zaidi ya f/6.3, kwa hiyo mwanga unaoingia ni kidogo. ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, inapanda mpaka 6400. Ukifika nyumbani ukaifungua picha kwenye kompyuta, vijidoa vimetapakaa kila pahala, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kusafisha. Ushauri wangu ni kuuzuia kidogo huo mkono.

Watu huilaumu ISO, lakini asili ya chenga ni uhaba wa mwanga. Mwanga ukiwa kidogo, kila pikseli hupata fungu lake kwa bahati, hii zaidi, ile pungufu, na hizo tofauti ndizo tunazoziona. Kwa hiyo kazi inaanzia msituni. Mimi naiacha ISO ipande, sipigi picha ya giza nikajipa moyo kuwa nitainyanyua kwenye kompyuta. Ukinyanyua giza unanyanyua na chenga zake, na kwa kamera za zamani hali huwa mbaya zaidi. Kwa ndege aliyetua tawini, sipendi kasi ya shata ishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Chenga zinapungua kwa kusafishwa. Picha iliyotikisika ndiyo imekwenda hiyo. Na upige RAW, yaani faili ghafi la kamera. Ukipiga JPEG, kamera imeshasafisha kwa hiari yake kabla hujaulizwa.

Kwenye kuhariri, jua kwamba chenga ziko za aina mbili. Kuna za rangi, vijidoa vyekundu, kijani na buluu vinavyochafua vivuli, na kuna za mwangaza, zile za kijivujivu zenye sura ya mchanga. Za rangi ziondoe bila huruma nyingi, kwa sababu jicho linazichukia na manyoya hayapotezi kitu kikubwa. Lightroom, programu ya kuhariri picha, yenyewe huziwekea 25 kati ya 100 kwa faili la RAW, na mara nyingi panatosha. Ila tazama sana ukiwa na chozi wa Pemba. Dume ana kijani cha kung'aa, na kifuani ana utepe mwembamba wa zambarau. Ukivuta sana kipimo cha kusafisha rangi, zambarau ile inavuja pembeni na kufifia, mwisho unabaki na ndege mweusi mwenye kijani cha kubahatisha.

Za mwangaza ndizo zinazotaka subira. Mchukue bundi mdogo wa Pemba, yule anayelia usiku mlio mmoja mmoja wa kupumzikia. Manyoya yake hayana madoa makubwa kama ya bundi wengine wa jamii yake. Ana michirizi myembamba, hafifu, ambayo hata kwa macho unaitafuta. Sasa michirizi ile na chenga za ISO 6400 zinakaribiana ukubwa. Programu itajuaje kipi unyoya, kipi uchafu? Ukivuta mpaka kila kitu kiwe laini, umefuta vyote viwili, na bundi anakuwa kinyago cha plastiki chenye macho.

Ndiyo maana naigawa picha. Namchagua ndege peke yake kwa barakoa, zana ya kutenga sehemu moja ya picha, halafu nyuma yake, penye majani yaliyofifia, nasafisha kwa nguvu. Pale hamna cha kupoteza, na chenga ndipo zinapoonekana zaidi kuliko mahali pengine. Ndege mwenyewe nampa theluthi tu ya nguvu ile, tena huku nikitazama jicho na shavu lake, picha nimeikuza kwa asilimia 100. Ni kama kupaa samaki, magamba yatoke, ngozi ibaki. Kunoa picha, yaani kukoleza kingo zake, kunafuata baada ya hapo, na kunamhusu ndege peke yake. Ukinoa picha nzima, chenga ulizozituliza nyuma zinafufuka.

Kuhusu akili mnemba: Lightroom iliongezewa kisafishaji cha aina hiyo mwaka 2023, na kwa kweli kinafanya kazi ya ajabu. Kinaanzia 50, mimi nakishusha, mara nyingi kati ya 25 na 35, na nakitumia mwanzo kabisa kabla ya marekebisho mengine. Hatari yake ni kwamba pale pasipo na maelezo ya kutosha kinaweza kubuni. Kinakutengenezea vinyoya vizuri, vimepangika, ambavyo ndege wako hana. Kwa picha ya kupamba ukuta, sawa. Kwa picha unayoipeleka eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, iwe ushahidi wa ndege uliyemwona, wallahi heri chenga. Faili lako la RAW usilifute kamwe.

Asiye na pesa ya kulipia Lightroom kila mwezi achukue darktable, programu ya bure. Ina kisafishaji kinachojua tabia ya kamera nyingi kwa kila ISO. Ni ngumu kuizoea, sikufichi.

Halafu punguza wasiwasi. Wengi tunahangaikia chenga tunazoziona sisi tu, tumekuza picha mpaka pikseli zinahesabika. Picha ya upana wa pikseli 6000 ukiipunguza iwe 1600 kwa ajili ya simu, chenga nyingi zinamezwa hapo hapo, kwa kuwa pikseli kadhaa zinachanganywa kuwa moja. Nina picha ya ninga ya ISO 5000 ambayo sikuisafisha hata kidogo, na bado watu wananiuliza lenzi gani ile. Karatasi nayo inaficha mengi. Ukipata oda ya picha kubwa ya hoteli, omba duka la uchapaji wakutolee kwanza kipande kidogo cha sehemu ya kichwa, kwa ukubwa uleule wa mwisho, ukiangalie ukiwa umesimama pale atakaposimama mgeni.