Maswali ya Wasomaji: Tairi moja, joto zaidi ya moja

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nasoma umekanika chuoni na usiku naandika kijiprogramu cha kuiga gari la Formula 1. Tairi nimetumia fomula ya Pacejka, ile ya kukokotoa nguvu ya tairi, gari linakata kona fresh kabisa, ila lap (mzunguko wa uwanja) ya kwanza na ya ishirini gripu, yaani tairi kushika lami, ni ileile, wakati kwenye TV madereva wanalalamika mara tairi za baridi mara zimechemka. Nimeongeza joto, namba moja kwa kila tairi, bado haifanani na kitu. Tatizo nini?
Msomaji, Arusha

JIBU: Fomula yako haina shida ndugu yangu. Hans Pacejka wa chuo cha Delft, Uholanzi, na wenzake waliitoa miaka ya 1980 ili ioneshe nguvu ya tairi kulingana na inavyoteleza, joto halikuwemo, unaliongeza mwenyewe. Shida ni hiyo namba moja. Tairi ina joto la ngozi yake ya nje, pale mpira unapogusa lami, ina joto la ndani mwilini mwake, na ina joto la hewa iliyojazwa, na kila moja linakwenda na mwendo wake.

Chukua gari liko kona ya 180 km/h, yaani mita 50 kwa sekunde, tairi imepishana na uelekeo wa gari digrii 4. Mpira unasuguliwa kwa upande kama mita 3.5 kwa sekunde, na ikibeba nguvu ya nyutoni 4,000 hapo una kilowati 14, pasi za umeme kumi na nne zimewashwa kwenye kipande cha mpira kidogo tu! Sehemu ya joto hilo inaingia kwenye lami lakini joto la ngozi ya tairi linaruka juu ndani ya kona hiyohiyo, halafu kwenye straiti upepo unaipoza. Ndani ni tofauti, kule joto linatokana na mpira kujikunja na kujikunjua kila mzunguko, pia breki zinazopasha rimu, kwa hiyo linapanda taratibu lap baada ya lap na likizidi halishuki kirahisi. Ndio maana dereva akiteleza kidogo anajirudi haraka, ila akiwa amekaa nyuma ya mwenzake muda mrefu anateleza teleza tu, tairi zinamfia.

Hewa nayo usiisahau. Ukijaza psi 20 (psi ni kipimo cha presha) tairi ikiwa nyuzi 20, ikifika nyuzi 100 utasoma kama 29, na presha ikibadilika eneo linalokanyaga lami linabadilika pia.

Kwa hiyo weka namba tatu, gripu ifuate zaidi joto la ngozi, ugumu wa tairi ufuate la ndani. Data halisi za mpira wa Pirelli, wanaotengeneza tairi za F1 nzima tangu 2011, huzipati mtandaoni, anza na makadirio. Kisha tembeza gari lako laps kadhaa polepole kama liko nyuma ya safety car, gari linalopunguza mwendo wa mbio kukiwa na hatari, uangalie, ngozi ikipoa mapema kuliko mwili na presha ikashuka mwishoni, uko njia sahihi.