Sauti imekauka, miguu imelegea: je, ni ugonjwa mmoja?

SWALI: Muganga, baba yangu ana miaka 61 na amevuta sigara tangu ujana wake. Sauti yake imekauka, na majibu ya kipande cha nyama kilichochukuliwa kooni yanasema ni saratani ya seli ndogo ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Lakini hata kabla ya hapo alikuwa ameanza kushindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, na kinywa humkauka usiku kucha. Mtaani wanasema amelishwa karuho, yaani sumu ya siri, na shangazi anataka anyweshwe dawa ya kutapisha. Je, mambo haya yanahusiana?
Msomaji wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana. Uhusiano unaweza kuwepo, na jinsi dalili zilivyofuatana kunanifanya niushuku kuliko karuho. Saratani ya seli ndogo huota zaidi kwenye mapafu. Katika zoloto ni adimu mno, haifikii hata moja kati ya saratani mia za sehemu hiyo. Seli zake zinafanana kwa kiasi fulani na za neva, kwa hiyo kingamwili ambazo mwili huzitengeneza ili kuzishambulia huweza pia kushambulia vijia vya kalisiamu kwenye ncha za neva, mahali ambapo amri ya kukaza msuli hutolewa. Amri ikifika nusunusu, misuli ya nyonga na mapaja ndiyo hulegea kwanza. Hali hiyo huitwa sindromu ya Lambert-Eaton, kwa majina ya madaktari wa Marekani walioieleza mwaka 1956, na mara nyingi hutangulia kuonekana kwa uvimbe wenyewe.

Daktari wa neva akigonga goti kwa nyundo yake ndogo, huenda mguu usiruke. Mgonjwa akikaza paja kwa nguvu kwa sekunde kumi hivi, kisha goti likagongwa tena, mguu huweza kuruka. Kipimo cha umeme wa neva na cha kingamwili katika damu ndivyo huthibitisha.

Ombeni pia skana ya kifua, kwani chanzo kinaweza kuwa pafu. Saratani ya aina hii kwa kawaida hutibiwa kwa kemotherapia (dawa za kuua seli za saratani) pamoja na mionzi kuliko kisu, na uvimbe ukipungua nguvu za miguu nazo mara nyingi hurudi kiasi. Ipo pia dawa ya kuzisaidia neva, amifampridini. Mashine za mionzi zipo Kigali, katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, tangu mwaka 2019.

Dawa ya kutapisha msimpe kabisa: mtu ambaye koo lake limelegea huweza kuvuta matapishi hadi mapafuni. Na kabla ya upasuaji wowote, hata mdogo, mtaalamu wa usingizi aelezwe habari ya miguu hii, maana dawa za kulegeza misuli humzidia mgonjwa wa namna hii na pumzi huchelewa kurudi. Akianza kupaliwa na maji au kuhema kwa shida, mpelekeni hospitali usiku huohuo.