Jibu: Ndoano za Kivu kwenye mto San Juan

Yaya, umeuliza kama ndoano zako za tilapia zitafaa kwa trauti, samaki wa maji baridi, wa mto San Juan utakapomtembelea mdogo wako New Mexico, Marekani. Ziache Bukavu. Maji yale hutoka chini kabisa ya bwawa la Navajo, baridi ya karibu nyuzi 6 hata kiangazi, na samaki hula wadudu wa majini wadogo kuliko punje ya mchele. Tafuta vidudu bandia (ndoano zilizopambwa zifanane na wadudu) vya namba 20 hadi 26 (namba ikipanda, ndoano inapungua), uzi mwembamba sana, na ule mwiba mdogo wa ndoano unaozuia samaki kuchomoka uubane kwa koleo. Karibu na bwawa kila samaki anarudishwa majini. Watu wa Kadutu, pale Bukavu, watakucheka, najua. Suruali ya mpira ni lazima. Kibali cha kuvua nunua mapema.