Kijana amekuwa wa mwisho kwenye vipimo vya skii, kazembea?

SWALI: Habari daktari. Mwanangu ana miaka 13, anacheza skii za majini huku Mtwapa, zile za kuvutwa na boti. Juzi kocha kawapima pushapu, kukimbia kilomita 3 na kuinama kugusa vidole vya miguu. Mwaka jana alikuwa wa pili, safari hii wa mwisho kabisa. Kocha anasema kazembea, jamaa wa jim anataka tumnunulie poda ya kujenga misuli. Huyu mtoto anakula vizuri tu, hata viatu vya Januari havimwingii tena. Ila analalamika maumivu chini ya kalio. Nifanyeje?

JIBU: Mama, jibu liko kwenye hivyo viatu. Mtoto anarefuka, mifupa imetangulia na misuli bado inaifuata, sasa lazima vidole avione mbali. Wavulana wengi kasi hiyo inafika kileleni karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, lakini kuna wa kuwahi na wa kuchelewa, kwa hiyo ukiwapanga mstari mmoja eti wote wana 13 unapima nani kabalehe kwanza, hujapima mazoezi ya mtu. Hili nalikuta kila wiki na linanichosha kweli.

Halafu kilomita 3 za nini? Njia ya slalomu, ile ya kupinda kulia na kushoto kuzunguka maboya, ni mita 259, boti ikienda kilomita 55 kwa saa ni kama sekunde 17 kamaliza. Mpime kuning'inia kwenye chuma mikono imenyooka, kukaa ukutani bila kiti, kuchuchumaa kwa mguu mmoja huku unaangalia goti linakoelekea, na alale chali umnyanyue mguu ulionyooka uone paja la nyuma linakubali mpaka wapi. Urefu kila miezi 3, kwa futi kamba hiyo hiyo, uandike. Alinganishwe na yeye mwenyewe basi.

Poda achana nayo. Hayo maumivu ndiyo yananitia wasiwasi. Pale musuli wa nyuma ya paja unaposhika mfupa, kwa umri wake bado kuna gegedu laini, haijawa mfupa mgumu, na boti ikianza kuvuta akanyoosha magoti mapema huku kainama mbele, mvuto wote unaishia pale pale, kipande cha mfupa kinaweza kung'oka. Asiguse kamba mpaka aonwe na apigwe eksirei.

Na nyinyi wazazi wengine mnaosoma, mnawapeleka watoto kwa wakandaji, mtu anamkalia mgongoni anamvuta mguu "afunguke", mnalipa, wiki ijayo mtoto anachechemea mnakuja kwangu. Haifunguki hiyo, inachanika. Mtoto akikwambia alisikia kitu "tap" kalioni boti ilipoondoka, hapakandwi hapo wala hapapakwi dawa ya moto, ni hospitali siku hiyo hiyo.