Losheni ya jua na kanzu ya mume wangu

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mwalimu. Nalima mwani Paje, Unguja. Mwanangu wa miaka saba ana ualbino. Nimemnunulia losheni ya jua Darajani, imeandikwa SPF 50 (kipimo cha kinga ya jua), lakini chupa ilikuwa imepangwa mlangoni, juani. Nitajuaje kama bado inafaa, bila ya kumjaribia yeye?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Umefanya vyema kutomjaribia mtoto.

Tafuta ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti (usiitazame machoni). Nguo nyeupe iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ikimulikwa nayo gizani hung'aa buluu, kwa dawa ya weupe iliyomo ndani ya sabuni. Mimi nilichukua kanzu ya mume wangu, naye hakuambiwa. Nikaitandikia plastiki angavu, ile inayofungiwa shati jipya. Upande mmoja nikapaka losheni, wa pili mafuta ya nazi. Kwenye mafuta kanzu iling'aa vilevile. Kwenye losheni pakawa giza, maana losheni iliizuia miale ya tochi isiifikie kanzu.

Wengi wakishaona giza hilo hufurahi mapema. Tochi hizo hutoa miale ya urujuanimno aina ya A, nanomita 365. Za bei rahisi ni 395, karibu na mwanga wa kawaida, na hapo hata losheni nzuri huweza kupitisha. Inayobabua zaidi ni aina ya B, nanomita 280 hadi 315, na tochi haina hiyo. Namba ya SPF inahusu hasa hiyo B. Kwa hiyo kanzu haiwezi kukwambia kama ni 50 au 10.

Chupa yako mimi ningeitupa. Joto huharibu losheni, na ikishajitenga maji mbali mafuta mbali haipakiki sawasawa. Nunua nyingine duka la dawa, utazame na tarehe.

Halafu usimpake kwa uchoyo. Maabara hupima SPF kwa miligramu 2 kila sentimita mraba. Wengi wetu hatufikishi hata nusu. Mtu mzima anataka kama mililita 30 mwili mzima, kisha arudie kila baada ya saa mbili, na akitoka majini. Gharama, najua. Ndiyo maana nguo ya mikono mirefu na kofia pana ya ukili vitangulie, losheni ibaki ya uso, shingo, masikio na viganja kwa nyuma.

Na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mama: maji yetu hukupwa kama saa nne, saa tano asubuhi, nanyi mko mwanini mpaka jua la utosi. Siku hizo mwache kwa bibi yake.