Ukuta tuliupaka rangi mara mbili, bomba hatukuligusa

Mmeuliza wiki hii: "Ni kitu gani nyumbani ulichokitengeneza zaidi ya mara moja kabla ya kujua kasoro iko wapi?" Kwangu ni ukuta wa chumba cha watoto, hapa Upanga, Dar es Salaam.

Lilianza doa la kijivu, ukubwa wa sahani, chini ya kiyoyozi. Ilikuwa masika, hata shuka zinanuka unyevu, basi nikailaumu mvua. Fundi rangi akakwangua, akapaka. Wiki tatu hazijaisha, rangi ikafura kama andazi. Nikaibonyeza, ikapasuka, na nyuma yake vidoa vyeusi vimetapakaa kama pilipili manga iliyomwagika. Tukapaka tena, safari hii rangi ya mafuta ambayo muuza duka aliapa haipitishi maji. Kweli haikupitisha: ilifungia maji ndani. Ukungu ukahamia nyuma ya kabati, ukala begi la shule na mkoba wangu wa ngozi. Mwanangu mdogo ana pumu, tukamhamishia chumbani kwetu.

Ndipo nikamwita fundi wa viyoyozi. Ukuta hata hakuutazama. Alifungua kifuniko, akaomba kikombe cha maji, akayamimina kwenye trei ya ndani. Maji yalizunguka kidogo, yakajaa, yakaanza kuchuruzika ukutani mbele ya macho yangu. Akaweka pima maji juu ya bomba la kutolea maji, kipovu kikakimbilia upande wa nje. Maana yake bomba limeinuka kule kule linakotakiwa kushuka.

"Dada, hapa maji yanapandishwa mlima," akasema.

Alipolivuta bomba, ndani mlikuwa na uteute mzito kama mlenda, umechanganyika na vumbi. Kichujio nacho kilikuwa kimeziba, na kikiziba, hewa haipiti vizuri, barafu huganda ndani. Ukizima mashine inayeyuka na kufurika. Mimi nilidhani kiyoyozi kinavuja tu kikiharibika, kumbe kila siku kinakamua maji kutoka hewani, na hewa ya Dar ina maji ya kukamuliwa! Usiku ule tulikinga ndoo ya lita 10 nje, chini ya bomba lililonyooshwa. Asubuhi ilikuwa imepita nusu.

Ukuta ulifuata baadaye. Sehemu ya plasta tuliisugua kwa sabuni, kisha jiki iliyochanganywa na maji, madirisha wazi, glavu na barakoa. Jiki msiichanganye na siki wala dawa ya choo, inatoa hewa ya sumu. Kipande cha jipsamu juu ya kabati tulikikata na kukitupa, kwa sababu ukungu ukishaingia ndani ya jipsamu, kusugua juu ni kujichosha. Feni ikapuliza siku kadhaa kabla ya brashi yoyote kugusa ukuta, na kabati sasa linakaa kiganja kimoja mbali nao.

Kila mwezi naosha kichujio na kumimina kikombe changu cha maji kwenye trei, nikichungulia dirishani kama yanatoka.

Mwenye nyumba amekubali kulipia bomba. Rangi zile mbili, anasema, nilijitakia mwenyewe.