Friji imeharibika, muuzaji anakataa kurudisha pesa: niende wapi?

Swali: Wakili, hujambo? Nilinunua friji ya nyumbani kwa shilingi 68,000 katika duka moja hapa Mombasa. Wiki ya tatu ikaacha kugandisha. Muuzaji ananionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Sina uwezo wa kumlipa wakili. Je, nina haki yoyote?

Jibu: Unayo, dada yangu, na maandishi hayo yasikutishe. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, muuzaji huhesabiwa kuwa amekuhakikishia kwamba bidhaa ina ubora unaofaa, na sharti lolote linalokusudia kuiondoa dhamana hiyo ni batili, hata lichapwe kwa herufi kubwa namna gani. Ingekuwa uliikagua friji na kasoro ilikuwa wazi mbele ya macho yako, hoja ingebadilika. Lakini mashine inayokufa wiki ya tatu haikuonyesha ugonjwa wake dukani.

Peleka dai lako katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Siku hizi ipo Mombasa pia. Husikiza madai ya mauziano ya bidhaa na huduma yasiyozidi shilingi 1,000,000. Unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe, na mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi zinazowatatiza watu katika mahakama nyingine. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, ndiyo maana nakusihi uende ukiwa umejiandaa.

Jambo linalowaponza wengi ni jina la mshtakiwa. Jina lililo kwenye bango la duka mara nyingi silo lililosajiliwa, na ujumbe wako wa M-Pesa huenda ukataja jina la tatu kabisa. Linganisha bango, risiti na ujumbe huo, kisha uombe taarifa za usajili wa biashara kupitia eCitizen, kwa sababu hukumu dhidi ya jina lisilo la mtu wala kampuni ni vigumu mno kuitekeleza. Weka pia picha ya kibandiko chenye namba ya friji, mazungumzo yenu ya WhatsApp, na barua ya fundi aliyeikagua, akieleza kwa maneno yake alichokikuta.

Atakayeshindwa anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, ila kwa hoja za kisheria tu.

Kabla ya yote hayo, mwandikie muuzaji barua ya madai, umpe siku 14 za kukurudishia pesa, na umwombe atie sahihi kwenye nakala utakayobaki nayo. Akikataa kutia sahihi, mtumie barua hiyo kwa WhatsApp papo hapo, ukiwa bado umesimama dukani kwake.